Sisi tuliokuja juzi tuna nafasi gani katika maridhiano na wenyeji wa asili wa Kanada?

MwalimuSaida (Winnipeg) ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu kidogo cha wasemaji wa Kiswahili hapa Winnipeg, kinachokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi. Tumo Watanzania, Wakenya na Warundi, lakini walio wengi zaidi ni Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale kabla ya kufika huku. Tarehe 30 Septemba inakaribia, ambayo tangu mwaka 2021 ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano, ya kuwakumbuka watoto wa wenyeji wa asili waliotengwa na wazazi wao na kupelekwa shuleni, na mwaka jana tuliiadhimisha kwa namna ambayo mimi binafsi haikuniridhisha: tulivaa fulana za rangi ya chungwa, tukapiga picha, tukala pilau, tukatawanyika. Tukiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, mtoto wa jirani yangu mwenye umri wa miaka 8 aliniuliza, "Mwalimu, lile shati walimrudishia?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeivaa rangi hiyo mchana kutwa bila kuwa nimesoma habari za mwenye shati.

Nimezisoma baadaye. Phyllis Webstad alikuwa na miaka 6 mwaka 1973 pale bibi yake alipompeleka dukani kuchagua nguo ya siku ya kwanza ya shule, naye akachagua shati la rangi ya chungwa inayong'aa. Alipofika katika shule ya misheni karibu na Williams Lake, British Columbia, alivuliwa nguo zake, na shati lile hakulivaa tena. Jibu la mtoto yule, kwa hiyo, ni hapana, hawakumrudishia.

Mwaka huu tumekubaliana kuwa na jioni nne za kujifunza na kutafakari katika mwezi wa Septemba, na nina mambo matatu yanayonitatiza.

La kwanza ni swali la mzee mmoja wetu, mtu tunayemheshimu sana, ambaye alisimama kwenye kikao akasema: "Mwalimu, mimi niliingia nchi hii na mfuko mmoja wa plastiki, ule mweupe wanaotupa wakimbizi, na ndani yake mlikuwa na karatasi tu. Nimemnyang'anya nani ardhi?" Watu wengi waliitikia kwa kichwa, na mimi nilinyamaza, kwa maana sikutaka kumjibu mzee kwa maneno niliyoyaokota kwenye vipeperushi.

La pili ni lugha. Nilipokuwa natafsiri tangazo letu, mahali pa "residential schools" niliandika "shule za bweni", kisha nikaona kwamba neno hilo linadanganya. Kwetu mzazi akisema mtoto wake yuko bweni, anasema kwa fahari: ameuza mbuzi, amenunua tranka la bati, godoro, ndoo na kufuli, na mtoto akirudi likizo mtaa mzima unajua. Shule zinazozungumzwa hapa zilipokea zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, yaani makundi matatu ya wenyeji wa asili wa nchi hii, kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1990, na tangu mwaka 1920 sheria iliipa serikali uwezo wa kuwalazimisha wazazi kuwatoa watoto wao. Watoto waliadhibiwa kwa kuongea lugha za mama zao, na kituo cha kumbukumbu kilichoko katika Chuo Kikuu cha Manitoba, hapa hapa mjini kwetu, kina majina ya zaidi ya watoto 4,000 waliofariki. Nawezaje kuita kitu hicho kwa jina lile lile tunaloliita jambo la fahari?

La tatu ni neno lenyewe la maridhiano. Wengine wanapendelea upatanisho, wengine suluhu. Na katika jioni hizo nne, nani afundishe? Naomba msaada wa waliotangulia.

---

FundiBomba (Winnipeg) amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi kazi yangu ni mabomba, kwa hiyo nitalijibu swali la mzee kwa njia ninayoijua, yaani maji.

Nilipokuwa na miezi michache tu kazini, mwenzangu mmoja, Mwanishinaabe, yaani mtu wa mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, aliniuliza kama najua maji ya mji huu yanatoka wapi. Nikamwambia mtoni, maana tuna mito miwili, Red na Assiniboine, na mtu akiona mito miwili anadhani amepata jibu. Akatikisa kichwa. Maji ya Winnipeg yanatoka Shoal Lake, ziwa lililoko mpakani mwa Manitoba na Ontario, na yanasafiri umbali wa zaidi ya kilomita 150 ndani ya mfereji wa zege uliokamilika mwaka 1919, yakiteremka kwa mwinamo wa ardhi. Kwa fundi ni kazi ya kustaajabisha. Ila pale yanapochukuliwa ndipo ilipo ardhi ya jamii inayoitwa Shoal Lake 40. Wakati wa ujenzi sehemu ya ardhi yao ilichukuliwa, na mtaro uliochimbwa ili kuyaepusha maji ya rangi ya chai yasiingie kwenye bomba la mji uliikata rasi yao ikawa kama kisiwa. Wakawa wanavuka kwa kivuko wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi, na wapo walioanguka na kufa barafu ilipokuwa nyembamba.

Sasa sikilizeni hili, ndugu zangu. Kuanzia mwaka 1997 jamii hiyo ilizuiwa kunywa maji ya bomba bila kuyachemsha, kwa kuwa haikuwa na mtambo wa kuyasafisha, ikawa inaletewa maji ya chupa. Hali hiyo ilidumu hadi Septemba 2021, miaka 24, wakati ziwa ni lile lile ambalo sisi tulikuwa tunalifungulia koki jikoni. Barabara ya kuwaunganisha na nchi kavu, kilomita zipatazo 24, ilifunguliwa mwaka 2019, nao wameiita Barabara ya Uhuru. Mtu aliyekulia Ilala, Dar es Salaam, kama mimi, akisikia jina hilo linamgusa.

Kwa hiyo mimi ningemwambia mzee kwamba ni kweli kabisa hakumnyang'anya mtu kitu, na asilazimishwe kukubali kosa ambalo si lake. Lakini asubuhi ya kwanza alipoamka katika nyumba yake mpya, akajaza birika, akachemsha chai, tayari alikuwa ameingia katika uhusiano na watu wale, bila yeye kuambiwa na bila wao kuulizwa. Sidhani kwamba uhusiano huo ni hatia. Ni jambo ambalo mtu mzima anapaswa kulijua, kama vile unavyopaswa kujua jina la jirani ambaye kisima chake unachota.

Ushauri wangu: jioni ya kwanza wekeni jagi la maji mezani, mwulize kila mtu yametoka wapi, halafu mtundike ramani ukutani. Msianze na filamu ya kuliza watu.

---

BahatiWaKivu (Winnipeg) amejibu:

Mwalimu Saida, asante kwa kuleta swali hili mbele za watu. Nami nataka kumjibu mzee, maana nadhani namfahamu, na nampenda.

Sisi Wakongo tunapenda kusema kwamba tuliteseka chini ya Wabelgiji, kwa hiyo mambo ya ukoloni hakuna wa kutufundisha. Ni kweli tuliteseka. Lakini mimi nilizaliwa Bukavu, na si mbali na Bukavu iko Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Ndani ya msitu ule waliishi Watwa, wenyeji wake wa asili. Waliondolewa ili sokwe walindwe, na hawakupewa ardhi nyingine. Walioondolewa wakawa vibarua katika mashamba ya jirani, wengine wakilala kando ya shamba la mwenye mali. Hao waliowaajiri kwa ujira wa mihogo hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa sisi.

Nakumbuka mama mmoja wa Kitwa aliyekuwa akipita nyumbani kwetu kuuza vyungu. Mama yangu alikuwa mtu wa sala na mwenye huruma, na kila mara alimpa yule mama maji ya kunywa, ila alimpa katika kopo la plastiki lililokuwa limewekwa nje, juu ya dirisha, kwa ajili yake peke yake. Hakuna aliyetueleza sababu, na sisi watoto hatukuuliza, kwa kuwa hata mtoto hufundishwa bila kuambiwa. Nimefika Kanada nikiwa na miaka 31, na kopo lile nililikumbuka siku nilipoona watu kwenye kituo cha basi hapa mjini wakihama kiti kwa sababu aliyekaa karibu yao alikuwa mwanamke wa Mataifa ya Kwanza. Mmoja wa waliohama alikuwa akiongea Kiswahili kwenye simu.

Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tukifika huku, wiki za kwanza tu, tayari kuna mtu wa kwetu anatuonya: usipite mtaa ule, wale ni walevi, wale hawafanyi kazi. Tunarithi dharau kabla hatujarithi historia. Mtoto anayesikia maneno hayo nyumbani hawezi kuponywa na fulana ya rangi ya chungwa ya siku moja.

Naomba jioni moja kati ya zile nne iwe ya kuzungumza habari zetu wenyewe na Watwa, bila mgeni yeyote kutoka nje, ili tuseme kwa uhuru. Nchi yetu ilitunga sheria mwaka 2022 ya kulinda haki za watu hao wa asili, na kuhusu Kahuzi-Biega, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi wa kuwapa haki Watwa, uliotangazwa mwaka 2024. Kwa hiyo mjadala huu uko pande zote mbili za bahari, na mzee wetu, ambaye alilima jirani na Watwa, ana mengi ya kutueleza kuliko anavyodhani.

---

Njeri_E (Edmonton) amejibu:

Mwalimu Saida, umeuliza nani afundishe. Nitakusimulia kosa langu ili wewe usilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwalika bibi mmoja Mkrii, naye ni wa mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, aje kuzungumza na akina mama wa jumuiya yetu. Tulipika, tukapanga viti, tukatandika khanga mezani. Mimi nilikuwa mshereheshaji, na kwa kuwa nilidhani ndilo lililotuleta, nilimkaribisha kwa kusema, "Mama, tueleze walikufanyia nini kule shuleni." Nilisema kwa sauti ya upole kabisa. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, akachezea pete yake, kisha akaomba apewe koti lake. Hakukasirika. Aliondoka tu. Chapati zilibaki zimefunikwa.

Ilinichukua wiki nyingi kuelewa kwamba nilikuwa nimemwita mtu afungue kidonda chake mbele ya watu asiowajua ili sisi tujifunze. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza habari za shule zile ikiongozwa na hayati Murray Sinclair, ilisikiliza zaidi ya mashahidi 6,500, na ushahidi huo umehifadhiwa. Mtu anayetaka kujua yaliyotendeka ana pa kusoma na pa kusikiliza, na hana haja ya kumfanya bibi wa watu asimulie upya katika ukumbi wa kukodi. Tume ilitoa muhtasari wa ripoti yake mwaka 2015 pamoja na miito 94 ya kuchukua hatua. Msome kwanza, wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiswahili, muulizane maswali ya kijinga mkiwa peke yenu, ndipo mumwalike mtu.

Mkienda kumwalika, msiende mikono mitupu. Kwa Wakrii na Waanishinaabe, anayemwendea mzee kuomba mafundisho hupeleka tumbaku, aghalabu ikiwa imefungwa katika kitambaa, akaieleza haja yake kabla ya kuikabidhi, na mzee akiipokea ndipo anakuwa amekubali. Usiiweke mezani kama zawadi ya kuaga. Wainuit hawana desturi hiyo, na kwa Wametis inategemea mtu na mtu, kwa hiyo ulizeni kwanza. Zaidi ya tumbaku, mpeni bahasha ya heshima na mgharamie usafiri wake, kwa sababu anafanya kazi. Mtu akija na mjukuu au msaidizi, mwekeeni kiti naye.

Nilirudi kwa yule bibi peke yangu, nikiwa na tumbaku, nikamwomba radhi. Aliipokea. Hakuja kuhutubia tena, ila alikuja jikoni kwetu siku moja akatufundisha kupika banoki, mkate wao ambao ukikaangwa unakaribia andazi lisilo na iliki. Wakati tunakanda unga alitufundisha neno moja la Kikrii, tawâw, ambalo huambiwa anayefika mlangoni, na maana yake ni karibu, ipo nafasi. Shule alizopelekwa zilikuwa na kazi ya kumsahaulisha neno hilo. Sisi tulilijifunza kwake, tukiwa na unga mikononi, na nadhani akina mama walielewa siku hiyo mengi kuliko ambavyo wangeelewa kwa hotuba.

Jambo moja zaidi, kwa sisi Wakatoliki, ambao katika vikundi vyetu ni wengi. Shule nyingi ziliendeshwa na kanisa letu, na nyingine na Waanglikana na makanisa mengine ya Kiprotestanti. Baba Mtakatifu Fransisko alikuja hadi Maskwacis, kusini mwa mji wetu, tarehe 25 Julai 2022 akaomba msamaha. Wapo kati yetu watakaoona ni uchokozi kulisema hilo katika mkutano. Semeni, kwa upole, na asiachwe padri au mchungaji wenu nje ya mazungumzo.

---

HamisiWaOldTown (Toronto) amejibu:

Nawasalimu nyote. Nimesoma kwa makini, na ninaomba kutofautiana kidogo, bila kumvunjia mtu heshima.

Kwetu Mombasa tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi hii mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Akaletewa ndui, akatengewa vipande vya ardhi, na tangu sheria ya mwaka 1876 ikawa serikali ndiyo inayoamua nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Kwa sababu hiyo hiyo naona mgeni mpya anapaswa kuwa na adabu ya kunyamaza. Nachelea kwamba jioni nne, ramani, majagi na mikate vitatufanya tujione watu wema, huku vijana wetu hawana kazi na akina mama zetu wanasubiri karatasi za uhamiaji. Na hasa sipendi kuona watu wetu wakiomba msamaha kwa jambo wasilolitenda. Msamaha wa aina hiyo ni mwepesi, na humpa nafuu aliyetenda.

Lakini nitakiri jambo moja. Niliapa kuwa raia baada ya kiapo kubadilishwa mwaka 2021. Nilinyoosha mkono, nikatamka pamoja na wenzangu kwamba nitazishika sheria za Kanada, pamoja na Katiba inayotambua na kuthibitisha haki za asili na haki za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Niliyatamka maneno hayo bila kujua mkataba hata mmoja. Mimi ni Mwislamu, na kwangu kiapo si maneno ya kupita. Nilipokwenda kusoma baadaye nikakuta kwamba mabadiliko hayo yalitokana na mwito wa 94 wa ile Tume, na wa 93 unataka wageni waelezwe habari za mikataba na za shule zile. Yaani kati ya miito yote, miwili ya mwisho inatuhusu sisi kwa jina, na inachotudai ni kujua, wala haitutaki tuombe msamaha.

Basi, Mwalimu, kama jioni zenu ni za kujua tulichokiapia, nazikubali. Huko kwenu ni eneo la Mkataba wa 1, uliotiwa saini tarehe 3 Agosti 1871 kati ya Taji la Uingereza na Waanishinaabe na Wakrii. Usomeni huo, msomeeni na mzee mwenye mfuko wa plastiki, maana ndio uliompa yeye haki ya kukaa hapo. Malipo ya mkataba huo yamebaki dola 5 kwa mtu kwa mwaka tangu 1875. Afadhali watu wafahamu hivyo kabla ya kurudia maneno kwamba wenyeji wanaishi kwa kulipwa.

---

Koech_Nakuru amejibu:

Mimi niko nyumbani Kenya, nitasema machache kuhusu neno. Maridhiano limetokana na kuridhia, na kuridhia ni kwa pande mbili. Upatanisho kwa masikio yangu unamtaka mtu wa tatu anayepatanisha, na suluhu inaweza kupatikana hata kama mmoja amechoka tu. Kwa hiyo nakubaliana na maridhiano, kwa sharti kwamba mlieleze: haliwezi kutumika pale ambapo upande mmoja haujaridhika.

Nasema hivyo kwa sababu ya Waogiek wa Msitu wa Mau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilikiukwa kwa kuondolewa msituni, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja. Hukumu ilisomwa, watu wakashangilia, na mwishoni mwa mwaka 2023 bado kulikuwa na nyumba zao zilizobomolewa msituni. Nikisikia mkutano wa maridhiano sasa, kitu cha kwanza ninachouliza ni ardhi imefikia wapi. Waulizeni wenyeji wa huko swali hilo, kama watapenda kulijibu.

---

MwalimuSaida amejibu:

Ndugu zangu, nimeyachapisha majibu yenu yote na kuyapeleka kwenye kikao cha jana. Tulikaa hadi mlinzi akaja kutukumbusha muda.

Tumeifuta ratiba ya kwanza. Badala ya kuwaalika wageni jioni zote nne, jioni tatu zitakuwa zetu wenyewe: ya kwanza ni ya maji na ramani, ya pili ni ya Mkataba wa 1 na kiapo, ambapo wale waliokwisha kuapa watakileta kiapo hicho kikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili, na ya tatu ni ya habari zetu na Watwa, itakayoongozwa na Ndugu Bahati. Ya nne tumeiacha wazi. Dada Njeri, nimefuata maneno yako: nimemwendea jirani yangu Mwanishinaabe, si kwa kumwalika kuzungumza, bali kumwuliza kwanza ni nani tungepaswa kumwendea na kwa utaratibu gani. Akisema tusubiri mwakani, tutasubiri.

Katika tangazo tumeandika maridhiano, na chini yake maelezo ya Ndugu Koech kuhusu kuridhia kwa pande mbili. "Shule za bweni" tumeliondoa. Baada ya mabishano marefu tumeandika "shule za kuwatenga watoto na wazazi wao", na mama mmoja kutoka Burundi akasema kwamba hata hivyo ni refu kuliko Kiingereza chake, lakini mwanawe akiuliza ataweza kumweleza.

Mzee alinisikiliza nikisoma majibu ya Fundi na ya Bahati tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa ameinamia fimbo yake. Nilipofika kwenye lile kopo la dirishani alisema taratibu, "Hata sisi tulikuwa nalo." Hakuongeza neno. Wakati wa kugawana kazi aliomba apewe kazi ya kulijaza jagi jioni ya kwanza, na akaagiza kwamba vikombe vyote vya mezani viwe vya aina moja.